Kabla hujachomoa konekta ya mota, zima breka

Wadogo zangu mnaojifunza AC hapa Kampala, juzi Ntinda nimemkuta kijana juu ya ngazi, AC ya invata iko on, feni ya ndani haizunguki, na yeye kashika konekta ya mota anataka kuichomoa apime. Nilipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akatoka jikoni na mwiko mkononi. Sikilizeni basi.

1. Zungusha feni kwa mkono kwanza. Ikiwa nzito mara nyingi ni beringi, mwacheni bodi, ile saketi inayoendesha AC, apumue.

2. Mota ya kapasita, yaani ile inayosaidiwa na kifaa cha kutunza umeme, pima kapasita kabla hujasema neno "bodi" mbele ya kastoma.

3. Mota ya DC ya waya tano haichomolewi wala kuchomekwa kukiwa na umeme. Umeme wetu wa 240 ukishapita kwenye daraja la dayodi unakuwa kama volti 340 DC, na ndizo zinakaa kati ya waya nyekundu na nyeusi. Nyeupe ni volti 15, njano inaamuru spidi, bluu inarudisha habari kwa bodi. Mwaka wangu wa pili kazini nilijua hayo yote, lakini kastoma alikuwa ananiangalia, jua kali, nikataka nionekane fundi wa haraka, nikachomoa nikapima nikarudisha, hapo hapo nikasikia "tak!" na harufu ile mnayoijua. Mota imekufa, bodi imekufa. Na mzee yule akaniuliza taratibu, kijana wangu, kumetokea nini? Nikamwambia umeme umepanda. Akaamini, kwa sababu umeme kweli hupanda, akatoa pesa ya mota na bodi, akaniongeza na ya boda. Sikulala vizuri wiki nzima. Ilinichukua miezi minne kukusanya ile pesa, nikamrudishia mkononi nikamweleza ukweli nikiwa nimesimama mlangoni. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema ingia unywe chai. Mpaka leo nikimkumbuka koo linakaza.

Na kuzima breka peke yake hakutoshi jamani, ile kapasita kubwa ya kwenye bodi bado imebeba umeme, subiri dakika kadhaa, pima mpaka ishuke kabisa ndio uguse.

4. Bodi ikiungua usifunge mpya kabla hujapima mota, imechomolewa, nyekundu kwa nyeusi. Ikisoma shoti, bodi mpya nayo itaungua.

5. Mijusi. Fungua kifuniko cha bodi uangalie, hasa nyumba zenye taa nje karibu na kompresa, wadudu wanafuata taa, mjusi anafuata wadudu, anaingia kwenye joto la bodi na kulala juu ya pini mbili, shoti hiyo.

Yule kijana wa Ntinda alishuka, akazima, tukakaa chini tukisubiri kapasita ishuke. Tulipopima, mota ilikuwa nzima, waya ya bluu tu ilikuwa imelegea kwenye pini.