Barua kwa mwanangu anayetaka kushika spana

Morogoro, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mama yako kwa sauti. Umeuliza: "Baba, nataka kuacha duka niwe fundi magari. Niingie chuo cha ufundi cha VETA, au niende gereji nikajifunzie kazini?" Nimeona nikuandikie, maana kwa simu mambo ya namna hii hukatika njiani.

Kwanza ujue nimefurahi. Miaka 31 nimeishi chini ya magari ya watu, na sikuwahi kuwaza kwamba katika watoto wangu wanne ni wewe, binti yangu, utakayeiulizia kazi hii.

Jibu langu ni hili: utahitaji vyote viwili, lakini kabla ya chuo na kabla ya gereji, tafuta fundi. Gereji yenye sakafu ya vigae na fundi mchoyo itakufanya muosha vyuma. Mwaka wa pili utakuwa bado unasugua injini kwa petroli na kutumwa chai. Fundi anayekueleza kwa nini, hata kama gereji yake ni kivuli cha mwembe, huyo ndiye shule. Utamjuaje? Kaa pembeni asubuhi moja utazame gari linapoingia. Akifungua boneti na kuita spana kabla mwenye gari hajamaliza kueleza, mwache. Akiuliza limeanza lini, linasumbua likiwa la moto au la baridi, mlimani au tambarare, nani alilishika mara ya mwisho, huyo mwombe akuchukue.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilikosea hapo. Mwaka 1989, nikiwa na miaka miwili kazini, lori liliingia kwetu Msamvu halina nguvu. Tambarare lilikwenda vizuri, ila mlima wa Kitonga lilikuwa limeupanda kwa mwendo wa mtu. Fundi wangu alikuwa msibani Kilosa. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kuwa nimeiva. Nikasema tatizo ni nozeli, zile zinazopulizia dizeli kwenye injini, nikazifungua zote sita, zikapelekwa kupimwa. Siku mbili mwenye lori alilala kwenye kiti chake. Fundi aliporudi alimuuliza swali moja tu: mara ya mwisho umejaza dizeli wapi? Kwenye mapipa, njiani. Tukafungua chujio la dizeli, likatoka tope. Tukaweka jipya, tukatoa upepo kwenye mfumo wa mafuta, lori likaondoka. Nozeli zikiwa mbovu kwa kawaida gari hutoa moshi mweusi, na lile halikutoa, lakini mimi sikuutazama hata moshi. Yule mtu alilipia kazi ambayo gari lake halikuihitaji. Hadi leo nikiliona lori la rangi ile moyo unanisuta.

Magari ya siku hizi yamebadilika, kosa ni lilelile. Mtu ana Toyota IST haiwaki asubuhi, na mwaka huu ameshauziwa betri mbili. Usishike spana, shika mita ya kupimia umeme. Betri nzima iliyolala usiku kucha husoma karibu volti 12.6. Washa injini upime tena: ikisoma kati ya 13.8 na 14.5, altaneta inachaji. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, betri haina kosa, kamtazame altaneta na mkanda wake. Na kama vyote viwili viko sawa, basi huenda kuna kitu kinanyonya umeme usiku, mara nyingi redio au king'ora kilichofungwa ovyo na aliyekiuza. Dakika kumi, na hujalegeza nati hata moja.

Mashine ya kusoma makosa nayo uitumie kwa akili. Ikikuambia kosa ni sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa ekzosi, usikimbilie kununua sensa. Huenda ekzosi inavuja au plagi moja haichomi, na sensa inaripoti tu ilichokiona. Mashine inakutajia mlango wa kugonga. Aliyemo ndani utamtafuta mwenyewe.

Sasa VETA. Usiidharau kama wanavyofanya mafundi wengi wa mtaani. Kule utajifunza kusoma mchoro wa umeme, jambo ambalo mimi nililipata uzeeni kwa taabu. Utajifunza pia kwamba bolti za silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana inayopima nguvu ya kukaza. Mtaani tunakaza kwa kusikia mkono. Hedi nyingi za siku hizi ni za alumini. Ukikaza ovyo inapinda, na baada ya wiki gari linarudi linachemsha na mteja anadhani umemwibia. Hapo Dodoma chuo kipo, na kozi zinapanda kwa ngazi, ya kwanza hadi ya tatu. Ukianzia gereji pia njia haijafungwa, maana VETA wana utaratibu wa kuwapima waliojifunza mtaani na kuwapa cheti. Kipate. TEMESA, wakala wa serikali wa magari na mitambo, au mgodini hawatakuuliza mkono wako ukoje kabla ya kuona karatasi.

Duka usiache kesho. Anayejifunza gereji mwanzoni hupata hela ya kula na nauli, basi. Weka kwanza kodi ya miezi sita.

Kuna mambo mawili nakuamrisha kama baba. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama bosi anakuharakisha, hata kama ni dakika moja. Weka stendi, zuia matairi, litikise kwanza. Nimemzika mwenzangu kwa jambo hili, na alikuwa fundi kunizidi. La pili, ukikutana na haibridi, gari linalotumia mafuta na umeme, nyaya za rangi ya chungwa usiziguse mpaka umefundishwa. Zinabeba umeme wa kuua.

Wateja wengine watakuja, watakutazama, kisha watauliza fundi yuko wapi. Waulize gari linasumbua nini. Ukiuliza vizuri watajijibu. Lakini mwanamume akikushika au akikutolea maneno machafu, uwe umelipwa au hujalipwa, ondoka siku hiyohiyo na unipigie, hata usiku wa manane. Usivumilie ili ujifunze kazi. Mafundi wema wapo, tutatafuta mwingine.

Spana usinunue seti nzima. Toyota nyingi utazifungua kwa 10, 12, 14 na 17, na 21 kwa nati za tairi. Namba 13 utaihitaji likija gari la Ulaya.

Kisanduku changu nimekifungua leo, nimefuta grisi ya zamani, na Ijumaa kitapanda basi la Dodoma. Mita ni yangu ya mwisho, ina betri mpya. Utaona spana ya 14 imekatwa mpini na kuchongwa upande mmoja: haijaharibika, niliichonga ili ifike kwenye bolti ya juu ya stata, mota ya kuwashia injini, pale mkono hauingii. Mama yako ameongeza ovaroli mbili, kazipunguza mikono mwenyewe.

Ukishampata wa kukufundisha, niandikie gari la kwanza ulilomwona analipokea lilikuwa na nini, na aliuliza maswali gani.

Baba yako