Vinyago vya marehemu baba: tuvichome au tuviuze?

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu baba, aliyefanya kazi shamba la mkonge miaka ya 1970, ametuachia vinyago viwili vya Kimakonde. Kimoja ni nguzo ya watu waliopandana, na ubavuni kina mchirizi mweupe. Cha pili kina jicho moja, sikio kubwa na mkono mmoja. Mama anasema hicho ni cha uchawi, kichomwe. Kuna bwana anavitaka vyote, ila anadai si mpingo halisi. Tufanyeje?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza ficheni kiberiti.

Hicho cha jicho moja wachongaji wenyewe hukiita shetani, kwa hiyo simlaumu mama. Lakini hakikuchongwa kwa ajili ya mganga wala tambiko. Kilichongwa kiuzwe. Mtindo huo ulianzia Dar es Salaam miaka ya 1950 kwa Samaki Likankoa, aliyekuwa akimpelekea kazi zake mfanyabiashara Mohamed Peera. Husimuliwa kwamba kinyago chake kimoja kilivunjika mkono, naye badala ya kukitupa akakigeuza kiumbe wa porini wa hadithi za Kimakonde. Mwonyeshe mama bega lisilo na mkono. Kama limelainishwa kama sehemu nyingine, basi mchongaji alikusudia.

Nguzo ndiyo inayonitamanisha. Watu wengi huhesabu vichwa, wakaondoka. Wewe anzia chini: fuata mguu wa mtu mmoja mpaka uone umekanyaga bega la nani, kisha huyo naye kamshika nani. Ni gogo moja, bila gundi wala msumari. Tezo ikiteleza, umbo zima la mtu limepotea. Mtindo huu hutajwa kuwa wa Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde aliyetoka Msumbiji. Alichonga bingwa wa mieleka akiwa amebebwa juu na wenzake, kazi iliyoitwa dimongo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 nguzo hizi zikaitwa ujamaa, na mieleka ikasahaulika. Mimi bado humtafuta yule bingwa kileleni.

Sasa huyo bwana. Ujanani nilipiga msasa vinyago pale Mwenge, kwa hiyo harufu ya kiwi ya viatu kwenye mti laini naijua. Pindueni kinyago, msugue kitako kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Weusi ukihamia kitambaani, kimepakwa rangi. Mpingo ni mzito, na hata kibanzi chake huzama majini (kibanzi, jamani, msije mkatosa kinyago kizima kwenye ndoo). Mchirizi mweupe msiuogope: kiini cha mpingo ndicho cheusi, mti wake wa nje ni mweupe wa manjano, na wachongaji wengi huuacha makusudi.

Bei msitaje bado. Nitumieni picha za vitako, zilizopigwa nje mchana. Na bwana akirudi, mwulizeni mpingo wa uongo anautakia nini.