Maswali ya Wasomaji: «Llegue» au «haya llegado»?

SWALI: Ninajifunza Kihispania, na minyambuliko ya haya, hayas, haya, hayamos, hayáis, hayan nimeihifadhi kwa ghibu. Hata hivyo, kila ninapoandika husita kati ya «No creo que lleguen» na «No creo que hayan llegado». Isitoshe, majuzi mwalimu wangu aliisahihisha sentensi yangu «Me alegré de que hayas venido» (nilifurahi kwamba umekuja), nami sikuelewa kosa liko wapi. Je, nitajuaje ni wakati gani hali tegemezi timilifu, yaani umbo hili la haya pamoja na llegado, inahitajika?

JIBU: Ndugu msomaji, kinachokukwaza si minyambuliko, bali ni kwamba unajaribu kuamua mambo mawili kwa mkupuo mmoja. Jambo la kwanza ni iwapo kishazi kinachofuata que kinahitaji hali tegemezi, yaani umbo la kitenzi kama «uje» katika «nataka uje»; la pili ni iwapo tendo linalotajwa humo limekwisha kutimia kwa kulinganishwa na wakati unaouzungumzia. Ukiyatenganisha, ukajibu moja kisha jingine, kusita huko kutapungua sana.

Tuanze na la kwanza. Anayesema «Creo que han llegado» anatoa taarifa kwamba, kwa maoni yake, wamefika. Kwa hiyo hakuna hali tegemezi. Akisema «No creo que hayan llegado», hatoi tena taarifa hiyo, na kitenzi kinabadilika papo hapo. Vitabu vingi hufundisha kwamba hali tegemezi ni hali ya shaka, na mimi naona maelezo hayo yanampotosha mwanafunzi, kwa sababu katika «Me alegra que hayas venido» hakuna shaka yoyote: mgeni amekuja na yuko mbele ya msemaji. Lakini msemaji hamwambii mgeni wake kwamba amekuja, jambo ambalo mgeni mwenyewe analijua. Anamweleza furaha yake. Basi jiulize kama kishazi kile kinatoa taarifa, au kinatajwa tu ili msemaji aonyeshe furaha, majuto, matumaini, shaka au ukanushi juu yake.

Jambo la pili linahusu kutimia kwa tendo. Chukua mtu anayemngojea Ana, aliyesafiri kwa ndege. Ndege ikiwa ingali angani, atasema «Espero que llegue bien». Saa ya kutua ikishapita, naye hajapata habari zozote, atasema «Espero que haya llegado bien». Tumaini ni lile lile, na kitenzi espero kimebaki katika wakati uliopo. Kilichobadilika ni kwamba safari sasa inahesabiwa kuwa imekwisha. Hiyo ndiyo tofauti uliyoiuliza: «No creo que lleguen» maana yake ni sidhani kama watafika, na «No creo que hayan llegado» ni sidhani kama wamefika.

Hapa msemaji wa Kiswahili anahitaji uangalifu, kwani baada ya «sidhani kama» kitenzi chetu hakibadiliki, na anayetafsiri neno kwa neno huishia kuandika «No creo que han llegado», ambayo ni makosa. Lakini hatukosi msaada kabisa. Tunaposema «nataka uwe umemaliza kufikia saa mbili», tunaunganisha kitenzi kisaidizi chenye hali tegemezi na kitenzi kikuu chenye hali timilifu, sawasawa na «Quiero que hayas terminado para las ocho». Mfano huo unaonyesha pia kwamba hali hii si ya mambo yaliyopita peke yake. «Cuando hayas leído la carta, llámame» ni agizo la wakati ujao: ukishaisoma barua, nipigie simu.

Zoezi ninalolipendekeza ni kuandika kwanza sentensi ya taarifa, kisha kutanguliza «no creo que», «me alegra que» au «es posible que». «Ha salido» (ametoka) itakuwa «es posible que haya salido» (huenda ametoka). Utagundua kwamba hata «habrán terminado para el lunes» (watakuwa wamemaliza kufikia Jumatatu) huwa «no creo que hayan terminado para el lunes», maana haya hubeba kazi ya ha na ya habrá pia.

Kuhusu sahihisho la mwalimu wako, alegré ni wakati uliopita, na ujio ulitangulia furaha hiyo. Kwa hiyo ameitaka «Me alegré de que hubieras venido». Utawasikia wazungumzaji wengine wakitumia hayas hata hapo, lakini katika maandishi rasmi na mitihani fuata alivyokuelekeza.

SWALI: Kwa nini «Me alegra que las chicas hayan llegadas» si sahihi, ilhali tunasema «están cansadas» (wamechoka)?

JIBU: Kwa sababu partisipio, yaani umbo kama llegado, inayoandamana na haber, kitenzi kisaidizi kinachozaa ha na haya, haifuati jinsia wala idadi, ni llegado daima, wawe wasichana au wavulana, mmoja au mia. Inayoandamana na kitenzi estar (kama están) hufanya kazi ya kivumishi, ndiyo maana hubadilika. Kumbuka pia kwamba viwakilishi hutangulia haya: «No creo que lo hayas visto». Partisipio zisizofuata kanuni, kama vile hecho, dicho, visto, escrito, puesto, vuelto, abierto na roto, hazina njia ya mkato, bali zijifunze ndani ya sentensi nzima. Katika tahajia, jihadhari na halla, kitenzi chenye maana ya «anakuta», ambacho wazungumzaji wengi hukitamka sawa na haya. Na umbo haiga, ambalo huenda ukalisikia mitaani, usiliandike.