Dolby au DTS? Tazama kwanza waya

Ndugu yangu, umeuliza kati ya Dolby Digital na DTS, mifumo miwili ya kubana sauti za filamu, ipi ni bora kwa spika zako tano na ile ya besi. Kwenye DVD, Dolby kwa kawaida huishia kilobiti 448 kwa sekunde, DTS hufika 1,509. Usiyumbishwe na namba hizo. Kila moja inabana sauti kwa njia yake, na mimi sioni tofauti ya kukutoa pesa.

Tofauti ya kweli iko kwenye Blu-ray, diski zilizokuja baada ya DVD. Huko kuna mifumo yao mikubwa, Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, isiyopoteza kitu cha sauti ya studio, ila waya wa optiko (ule wa mwanga) unaotumia hauipitishi. Chomeka HDMI toka deki moja kwa moja hadi risiva, ile inayoendesha spika.

Halafu spika za nyuma! Hapa kwangu Ngamiani moja ilijificha nyuma ya kabati la vyombo. Nilipoitoa na kuipandisha juu kidogo ya masikio, mvua ya kwenye filamu ikanyesha nyuma ya kochi, mama akauliza kama nguo zimeanuliwa.

Dolby Atmos, sauti inayoshuka pia toka juu ya kichwa, iache kwanza, mpaka uwe na spika za juu.