Barioni nzito: anza na vizingiti, modeli baadaye

Ukipewa barioni nzito (chembe ya kwaki tatu, mojawapo nzito) iliyo katika hali ya msisimko na kuambiwa ukokotoe upana wake, yaani kasi ya kuvunjika kwake kwa kipimo cha nishati, usikimbilie modeli. Hesabu vizingiti kwanza, yaani jumla ya matungamo ya chembe zinazotoka, kila mchanganyiko wa chaji peke yake.

Chukua Λc(2595), barioni yenye kwaki ya charm, spini 1/2 na pariti hasi (1/2⁻). Isospini yake, namba ambayo kani kali huihifadhi, ni 0, kwa hiyo kani kali haiiruhusu kuvunjika ikawa Λc na pioni moja. Hupitia Σc na pioni, kisha Σc nayo huvunjika, ukabaki na Λc na pioni mbili. Sasa jumlisha: Σc⁺ na π⁰ ni kama MeV 2587.6, Σc⁺⁺ na π⁻ ni 2593.5. Tungamo la Λc(2595) ni 2592.25. Njia ya kwanza iko wazi, ya pili imefungwa kwa zaidi kidogo ya MeV 1. Anayetumia wastani wa matungamo hupata kizingiti kimoja cha 2591.5, na njia zote zinaonekana wazi.

Mahali kama hapo fomula ya Breit-Wigner, inayochora umbo la kilele, yenye upana usiobadilika haifai. Upana lazima utegemee nishati. Watafiti wa CDF, jaribio la Fermilab, walipofanya hivyo mwaka 2011, tungamo lilishuka kutoka karibu 2595 hadi 2592. Jina halikubadilishwa, ndiyo maana namba iliyo kwenye mabano si ya kuingiza kwenye hesabu.

Kisha tafuta L, momenta ya mzunguko kati ya chembe mbili zinazotoka, kwa pariti na spini. Λc(2625) ni 3/2⁻: kwenda Σc na pioni inahitaji L = 2. Kwenda Σc(2520) na pioni ingetosha L = 0, lakini kizingiti hicho kiko karibu 2656, juu yake. Hivyo ni nyembamba sana, chini ya MeV 1, ingawa ni nzito kuliko mwenzake.

Upana hukua kama p^(2L+1), p ikiwa momenta ya pioni pale barioni mama ilipotulia. Jipime kwa Σc⁺⁺ → Λc⁺π⁺, ambako L = 1. Kwa Σc(2455), yaani Σc ya hapo juu, p ni kama 89 MeV/c, kwa Σc(2520) kama 177. Uwiano wa kipeo cha tatu ni 7.7, upana uliopimwa, 14.8 kwa 1.89, unatoa 7.8. Programu yako isipokaribia hapo, kagua p kabla ya kulaumu modeli.

Katika modeli ya ³P₀, ambamo barioni huvunjika kwa jozi ya kwaki na antikwaki kuzuka kutoka kwenye ombwe, nguvu γ ya kuzalisha jozi ya kwaki hutoholewa kutoka kwenye data, na upana hubeba mraba wake. Linganisha uwiano wa njia kwanza, maana γ hujifuta. Upana kamili uuamini kwa tahadhari. Kipimo cha oskileta, kinachoweka ukubwa wa mawimbi ya kwaki, hakijifuti, kwa hiyo kibadilishe kidogo uone matokeo yanayumba kiasi gani.

Kwa upande wa data, angalia fotoni iliyopotea. Ωc ya hali ya msisimko iliyovunjika kuwa Ξc′⁺ na K⁻ (kaoni) huacha kilele cha uongo kwenye Ξc⁺K⁻, karibu MeV 110 chini, kwa sababu Ξc′⁺ hutoa fotoni kabla ya kuwa Ξc⁺.