Barua kwa mwanangu: ule mtoki wa kwapani

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na picha ya kwapa la huyo mume wangu mdogo nimeikuza mpaka simu ikaganda. Umeniuliza kama chanjo ya kifua kikuu aliyochomwa alipozaliwa ndiyo iliyomletea uvimbe huo. Tena umeuliza, kama ndiyo, kuna haja gani ya kumrudisha kliniki wiki ya 14 akachomwe nyingine.

La kwanza sikuzungushi: kwa dalili zote, ni chanjo. Kwetu BCG, yaani hiyo chanjo ya kifua kikuu, huchomwa bega la kulia, na mtoki umejitokeza kwapa la kulia. Mtoto hana homa, ananyonya, na mstari wa uzito kwenye kadi unapanda. Hivyo ndivyo unavyokuwa. Huyo aliyekujibu kwamba chanjo haina madhara yoyote alitaka kukutuliza, lakini jibu hilo silipendi, na sikulipenda hata nilipokuwa kazini. Mama akiambiwa hakuna kitu, kisha akakishika kitu kwa vidole vyake mwenyewe, kesho hata akiambiwa kweli hasikii.

BCG ni bakteria hai. Calmette na Guérin, kule Lille, Ufaransa, walichukua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe, wakaviotesha kwenye viazi na nyongo ya ng'ombe, wakawa wanavihamisha tena na tena tangu 1908 hadi 1921, mara 230, mpaka vikapoteza makali. Kwa hiyo mtoto anapochomwa, vijidudu vilivyodhoofishwa vinaingia kwenye ngozi, na baadhi vinafika kwenye tezi za kwapa. Huko ndiko mwili unakovikamata na kujifunza kupigana navyo. Kwa watoto wengi kazi hiyo inaisha bila mtu kujua, zaidi ya kile kidonda cha begani kinachoacha kovu. Kwa wachache tezi inavimba ikaonekana, mara nyingi ndani ya miezi sita ya kwanza. Mitoki inayotunga usaha Shirika la Afya Duniani limeikadiria kati ya mtoto 1 kwa 10,000 na 1 kwa 1,000. Sindano ikizama chini ya ngozi badala ya kubaki ndani yake, au kichanga akipewa zaidi ya kipimo chake cha mililita 0.05, uwezekano unaongezeka.

Sasa nisikilize vizuri. Usiukande kwa maji ya moto, usiubinye, usiupake majani, na jirani asikuletee wembe. Mtoki wa BCG ukipasuliwa unaweza kuacha tundu linalotoa usaha kwa miezi. Ukiwa mgumu hivyo hivyo, unaachwa na kuangaliwa; mingi hunywea yenyewe, ingawa huchukua muda. Ukianza kulainika na ngozi kuwa nyekundu, daktari atauvuta usaha kwa sindano. Na zile dawa za duka la dawa ulizouziwa bila kuandikiwa na daktari, muoneshe daktari kabla hujampa tone jingine. Antibayotiki za kawaida haziufanyi mtoki huu upone haraka.

Kuna jambo ninaloliogopa zaidi ya huo uvimbe, na nitalisema kwa kuwa ni mama yako. Ulipimwa VVU ukiwa mjamzito na majibu yalikuwa mazuri. Kapimeni tena, wewe na mwenzio, kwa sababu bado unanyonyesha. Mtoto ambaye kinga yake ni dhaifu, kwa VVU au kwa kasoro aliyozaliwa nayo, vijidudu hivyo hai vinaweza kumsambaa mwilini, na huo ni ugonjwa wa kuua. Hutokea kwa nadra sana. Ukiona homa isiyokoma, uzito unashuka, tezi zinavimba na sehemu nyingine, utando mweupe mdomoni hausikii dawa, usinipigie mimi, nenda hospitali. Na kwa ajili ya hiyo kasoro ya kuzaliwa nayo, waulize wakweo, kwa adabu, kama katika ukoo kuna vichanga waliokuwa wakifariki mfululizo kwa maradhi.

Ile habari uliyotumiwa ya watoto wa Ujerumani ni ya kweli. Lübeck, 1930: watoto wapatao 250 walipewa chanjo hii, na zaidi ya 70 wakafa. Ila aliyekutumia kaikata katikati. Uchunguzi uligundua kwamba kwenye maabara ya pale pale chanjo ilikuwa imechanganyika na vijidudu vikali vya kifua kikuu, na madaktari wawili wakahukumiwa. Hilo lilikuwa kosa la maabara, na mtoki wa mwanao ni kitu kingine kabisa.

Kuhusu wiki ya 14, mpeleke. Za siku hiyo hazina kijidudu cha kifua kikuu, na mtoki hauzizuii. Muoneshe muuguzi kwapa kabla hajaanza, umwombe aandike kwenye kadi na ajaze fomu ya taarifa ya kwenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania. Akisema ni jambo dogo, mwambie bibi yake kasema ijazwe. Sindano zikichomwa vibaya mahali fulani, hiyo mitoki ndiyo itakayoonesha, lakini ikiwa imeandikwa.

Ungeniuliza kama siku zikirudi nyuma ningekubali huyo huyo achomwe BCG, ningekubali. Haiwakingi sana watu wazima na kifua kikuu cha mapafu, hilo halifichiki. Inachokinga vizuri ni kile kinachopanda kwenye ubongo wa mtoto mchanga. Nimewauguza hao. Shingo imekakamaa, macho yamepinda, na wanaopona wengine hawasikii wala hawatembei tena. Chanjo zilizotolewa duniani 2002, kama milioni 100, zilikadiriwa kuzuia visa karibu 30,000 vya namna hiyo.

Halafu huyo dada anayekusaidia kazi, uliyesema anakohoa tangu kabla ya Ramadhani. Muende naye siku hiyo hiyo akatoe makohozi yapimwe. Kipimo ni bure na dawa ni bure. Mpaka majibu yatoke, mtoto asilale naye chumba kimoja.

Mama yako