Mwalimu, futa huo mstari wa tatu kabla hujachapisha

Mwalimu wa Sengerema, simama hapo hapo. Unabuni lugha ndogo ya kompyuta ya kufundishia hisabati Darasa la Saba, unauliza amri ziitweje kwa Kiswahili na wanafunzi waanzie kwenye simu au kompyuta. Mimi nimekwama kwenye mstari wa tatu wa mfano wako, unaomaanisha "ongeza 5 kwenye namba iliyohifadhiwa kwa jina jumla":

jumla = jumla + 5

Mstari wa namna hiyo ulinila muhula mzima hapa Mwanza. Nilitoa nakala 60 za kijitabu, shilingi 3,000 kila kimoja, 180,000 kutoka mfukoni mwangu. Mfano wangu ulikuwa wa dagaa wanaopakiwa Mwaloni pale Kirumba: magunia = magunia + 1. Wiki ya tatu binti mmoja akaniletea daftari. Ametoa "magunia" pande zote mbili, kama nilivyomfundisha mwenyewe kwenye milinganyo, akabaki na 0 = 1, kapigia mstari kwa rula. "Mwalimu, nimekosea wapi?" Hakukosea popote. Nilikosea mimi.

Kilichoniuma zaidi ni jaribio. Niliwapa (5 + 3) × 2 − 1, nusu ya darasa wakaandika:

5 + 3 = 8 × 2 = 16 − 1 = 15

Jibu ni lenyewe, MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) wameifuata, lakini soma walichosema: 5 + 3 ni sawa na 8 × 2! Kwao alama ile ilishageuka "halafu". Kuing'oa tabia hiyo ni kazi, na wapo walioondoka nayo.

Aliyeniingiza mkenge ni mtaalamu mmoja wa programu aliyetuendeshea semina. Nilimuuliza kabisa kuhusu alama hii. Akasema, "Watazoea, dunia nzima inaandika hivyo." Si kweli! Lugha ya kompyuta ya Fortran ya 1957 ilitumia =, lakini lugha ya Algol ya 1958 ikaweka :=, na lugha ya APL ya Kenneth Iverson, iliyoanza kama mwandiko wa hisabati, inatumia mshale. Mwanahisabati Robert Recorde alipoileta = mwaka 1557 alichagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa sababu aliona hakuna vitu viwili vinavyolingana zaidi ya hivyo. Mtu hajawahi kusahihisha daftari hata moja la Darasa la Saba, anakwambia watazoea!

Alama ikishakuwa na maana ubaoni, kwenye kompyuta iwe na maana hiyo hiyo. Andika hivi:

weka jumla + 5 ndani ya jumla

Mtoto anakokotoa kwanza, kisha anaweka. Chukua boksi tupu la chaki, libandike jina "jumla", tumbukiza karatasi yenye 10. Mtoto aitoe, aongeze 5, arudishe karatasi mpya yenye 15. Hana cha kutoa pande zote mbili, kwa sababu pande mbili hazipo. Alama ya = ibaki kwenye kuuliza tu: kama jumla = 20, simama.

Kama steshenari bado hawajaanza kutoa kopi, wapigie sasa hivi.